Fedha za Msitu Zinaombwa Sebuleni

Kabla Jane Goodall hajakanyaga mchanga wa Gombe Julai 1960, kuna mtu alikuwa ameshalipa. Jina lake Leighton Wilkie, mwenye kiwanda cha mashine za kukatia vyuma huko Illinois, Marekani. Wanyama hawakuwa fani yake. Alichopenda ni historia ya zana, namna binadamu alivyotoka kwenye jiwe lililochongwa hadi kwenye msumeno. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale wa Nairobi na Olduvai, alilijua hilo. Akamwandikia habari za binti wa Kiingereza mwenye miaka 26, asiye na shahada, anayetaka kukaa na sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Wilkie akatoa dola 3,000. Zilitosha kama miezi sita.

Fedha zikielekea ukingoni, Novemba mwaka ule ule, Jane alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta limejaa mchwa, akila. Mnyama anatumia zana! Mtengeneza zana wa Illinois alikuwa amelipia, bila kujua, ugunduzi uliowatikisa wataalamu wa dunia nzima. Kwa habari hiyo Leakey alibisha hodi National Geographic Society, na mlango ukafunguka.

Wilkie hatajwi sana siku hizi, na Leakey anakumbukwa zaidi kwa mafuvu. Lakini barua ile ndiyo kazi yangu. Kuna msitu, kuna watu wanaoutunza, kuna mtu mwenye uwezo aliye mbali nao, na kuna jambo la kweli linaloweza kuwakutanisha. Leakey hakumwandikia mwenye kiwanda habari za uzuri wa sokwe. Alimwandikia kuhusu kile ambacho mwenyewe tayari alikuwa akikiwaza usiku.

Ninakoishi, Madale, kazi hii haina jina. Huku ni Kinondoni ya mwisho mwisho: nyuma yetu mlima wa Wazo na kiwanda chake cha saruji, mbele yetu Mabwepande na Pori la Akiba Pande, kipande cha msitu wa pwani kilichobaki ndani ya jiji. Kati ya hapo kila mtu anajenga. Mikorosho inaangushwa, tofali zinapangwa, boza la maji linapanda kilima likitikisa vumbi. Majirani zangu ni wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, walimu, wanasheria, wastaafu wa serikali, wafanyabiashara wa Kariakoo waliohamia kutafuta hewa. Ukiwaambia unatafuta fedha za uhifadhi, wanadhani unaandika maandiko ya miradi kwa Wazungu.

Maandiko yana watu wake ofisini, na ni kazi ngumu ya heshima: fomu, bajeti, tarehe ya mwisho, jedwali la matokeo. Mimi sitafuti balozi wala wakala wa misaada. Natafuta mtu mmoja mmoja mwenye uwezo wa kutoa fedha nyingi kwa hiari yake. Mashirika makubwa ya Ulaya na Marekani yana viwango vyao vya kuuita mchango mkubwa. Kwetu, shirika dogo linalofanya kazi na vijiji vya milima ya Morogoro, nimejiwekea kipimo changu: mchango mkubwa ni ule ambao mtu hawezi kuutoa bila kwanza kuzungumza na mwenzake nyumbani. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki kwenye kumbi za hoteli. Inafanyika sebuleni, chai ikiwa mezani, na mara nyingi anayeamua si yule uliyemwendea.

Mara ya kwanza huombi. Unaamkia, unakaa, unasikiliza. Unataka kujua alizaliwa wapi, aliogelea mto gani utotoni, nani alimsomesha, nini kinamuuma akirudi kijijini. Huo si ujanja wa kumlainisha mtu. Asiyejali majibu hujulikana haraka, na hapati mwaliko wa pili. Baadaye, akiwa tayari, unampeleka akaone kwa macho yake, na huko milimani unawaachia wenyeji waongee. Ndipo inakuja siku ya kuomba, na siku hiyo kuna jambo linalopingana na malezi yetu: unataja kiasi. Sisi tumefundishwa kusema chochote utakachojaliwa, na chochote huleta chochote. Ukimwambia mtu kwamba kitalu cha miche na mshahara wa mlinzi wa msitu kwa miaka mitatu vinagharimu kiasi fulani, na unamwomba yeye abebe nusu, umemheshimu, maana umemwonyesha uzito wa mzigo na umeamini kwamba anaweza kuubeba. Kisha unanyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu.

Watanzania wanaujua ufundi huu kuliko wanavyodhani. Kamati ya harusi ya Dar es Salaam ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na orodha ya walioahidi. Kadi imeandikwa kiasi, cha mmoja na cha wawili, na hakuna anayeona haya. Anayechelewa anapigiwa simu. Fedha inaingia kwa simu, jina linawekwa alama kwenye kundi la WhatsApp, hesabu inasomwa kikao kinachofuata. Kwa utaratibu huo tunajenga makanisa na misikiti, tunasafirisha misiba hadi Bukoba na Songea. Anayesema Watanzania hawatoi hajawahi kukaa kwenye kikao cha kamati. Swali la kweli ni kwa nini mlima na mto havijawahi kuwa na kamati yake.

Sehemu ya jibu iko kwenye historia. Nchi hii ilizaliwa ikiwa na ombi la fedha za wanyamapori mkononi. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu uhifadhi, ambalo ni jambo tofauti na Azimio la 1967. Humo aliahidi kwamba serikali yake itafanya kila iwezalo ili wajukuu wa Tanganyika warithi utajiri huu, kisha akasema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba tunatazamia mataifa mengine yashirikiane nasi. Ninalisoma tamko lile kwa jicho la kazi yangu na ninaliheshimu. Mwombaji ametaja kwanza wajibu wake mwenyewe, ndipo akataja anachopungukiwa.

Mwezi ule ule, huko Uswisi, likaanzishwa shirika la uhifadhi la WWF. Chanzo chake kilikuwa Afrika Mashariki: Julian Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alikuja kuzunguka huku na mwishoni mwa 1960 akachapisha makala kwenye gazeti la The Observer akionya kwamba wanyama wanakwisha. Oktoba 1961 gazeti la Daily Mirror likatoa toleo maalumu lenye picha ya faru ukurasa wa mbele, na wasomaji wakatuma makumi ya maelfu ya pauni ndani ya siku chache. Hao walikuwa watu wa kawaida. Muongo mmoja baadaye wakaja matajiri, pale Mwana Mfalme Bernhard wa Uholanzi alipounda kundi lililoitwa 1001: watu elfu moja, kila mmoja dola 10,000, yeye mwenyewe akiwa yule mmoja wa kujazia. Zikawa dola milioni 10, mtaji wa kuendeshea shirika ili fedha za wachangiaji wengine ziende moja kwa moja porini. Orodha ya majina haikutangazwa.

Na alikuwepo Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwanawe Michael alikufa Januari 1959 ndege yao ilipogongana na tai juu ya Serengeti, na akazikwa kwenye kingo za Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza pamoja ilipata Oscar mwaka uliofuata. Grzimek alirudi Ujerumani akaingia kila sebule kupitia kipindi chake cha televisheni, akiomba, mwaka baada ya mwaka. Shirika lake la Frankfurt bado lipo Serengeti hadi leo.

Fedha za kizazi kile zilifanya mengi na siwezi kuzibeza. Lakini zilikuja na hadithi ambayo ndani yake mwanakijiji ama hayupo, ama ndiye tatizo. Mwaka ule ule wa 1959 ndipo Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti na mifugo yao walipohamishiwa upande wa Ngorongoro. Wachangiaji wa London na Frankfurt waliona nyika iliyo tupu, wakapenda utupu ule, wakalipia ubaki hivyo. Anayetoa nyingi husikilizwa sana, na anayesikilizwa sana mwishowe huwa ndiye anayeamua. Nimeona jambo hilo likijirudia kwa sura ndogo ndogo: mgeni mwenye moyo mzuri anataka fedha yake inunue kamera za kunasa picha za chui, wakati kijiji kinachopakana na msitu kinaomba mbegu na majiko yanayotumia kuni chache. Kazi yangu hapo ni kumrudisha taratibu kwenye ombi la kijiji. Akikataa kabisa, fedha ile si yetu.

Jane Goodall alilijifunza hilo kwa njia yake. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa wakateka wanafunzi wanne Gombe. Waliachiwa, lakini wafadhili waliingiwa na hofu na utafiti ukayumba. Ndipo mwaka 1977 ikaanzishwa taasisi yenye jina lake, ili Gombe isitegemee tena uamuzi wa ofisi moja ya mbali. Baada ya mkutano wa Chicago wa 1986 aliacha maisha ya msituni, akaanza kusafiri dunia nzima, karibu siku 300 kwa mwaka, akizungumza na kuomba. Nyumba yake ya Tanzania ilikuwa hapa hapa Dar es Salaam, na kwenye baraza yake mwaka 1991 walikaa wanafunzi 12 wa sekondari, ukazaliwa mpango wa Roots & Shoots ambao leo uko katika nchi nyingi. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanza mradi wa TACARE Kigoma kwa kuwauliza wanavijiji kwanza wanahitaji nini. Walitaja afya, shule, mashamba. Sokwe walikuja baadaye kwenye mazungumzo, na ndiyo maana walidumu. Alifariki Oktoba 1, 2025 huko California akiwa katikati ya ziara ya kuzungumza, na miaka yake 91. Magazeti yalimlilia mwanasayansi. Mimi nilimlilia pia mwenzangu wa kazi, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao.

Mwaka huo huo wa kifo chake ndio ulioonyesha udhaifu wetu. Januari 20, 2025 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na ilipofika Julai mosi shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Miongoni mwa miradi iliyokatika ni ule wa taasisi ya Jane wa kuwalinda sokwe na misitu ya magharibi mwa Tanzania, uliokuwa umeahidiwa dola milioni 29.5 kwa miaka mitano. Kuna vijana waliokuwa wakipima misitu ya vijiji kwa simu zao, kuna madereva, kuna kamati za maliasili zilizokuwa zimeanza kusimama. Wote waliamka siku moja hawana posho ya mwezi unaofuata, kwa sahihi iliyotiwa kwenye mji ambao wengi wao hawataufikia.

Baada ya hapo wengi walikimbilia kutafuta mfadhili mwingine wa nje wa kuziba pengo. Nawaelewa, mishahara haisubiri. Mimi nilizidi kuamini kwamba lazima tubishe hodi kwa jirani, na Madale kuna sababu ya kubisha hodi ambayo haimhitaji faru wala sokwe. Kuna maji.

Jiji hili linakunywa Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini, Bagamoyo, una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Wa Ruvu Juu, Mlandizi, lita milioni 196. Mto wenyewe unaanzia kwenye milima ya Uluguru, sehemu ya Tao la Mashariki, ambako misitu inashika ukungu na mvua na kuviachia kidogo kidogo hata kiangazi. Oktoba 2022 mto ulipopungua, mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, ilitangaza mgawo, na watu wenye magorofa walisimama foleni na ndoo sawa na wapangaji wao. Sasa serikali inajenga bwawa la Kidunda huko Morogoro ili kuhifadhi maji ya masika, na ni uamuzi mzuri uliosubiriwa kwa miongo mingi. Lakini mlima ukivuliwa miti, bwawa linajaa udongo.

Nilikwenda na hoja hiyo kwa mzee mmoja, mhandisi mstaafu, si mbali na kwangu. Tulikuwa tumeshazoeana. Siku hiyo aliona nimekuja na jambo.

"Mwanangu, mimi nimelipa kodi maisha yangu yote," alisema. "Serengeti ina watalii, Kilimanjaro ina watalii. Hela zote hizo, halafu mnakuja kwa mstaafu?"

"Ni kweli, mzee. Ila mtalii hafiki kwenye msitu wa kijiji. Serengeti na Kilimanjaro zinabeba hifadhi nyingine nyingi zisizojiweza, na msitu wa kijiji hauko hata kwenye foleni hiyo." Nikamwuliza maji ya simtanki lake yanatoka wapi.

"DAWASA."

"Na DAWASA wanayatoa wapi?"

"Ruvu."

"Na Ruvu?"

Hakujibu. Aliyejibu ni mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika.

"Kwetu," alisema. Mama huyo amezaliwa Mgeta.

Wanaoijua Uluguru wataelewa uzito wa neno lile. Mto Mgeta unaingia Ruvu. Njegere na kabichi za Mgeta zinauzwa kwenye masoko yetu kila siku. Na kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Ardhi ina wenyewe, na wenyewe wanahesabiwa kwa mama zao. Mhandisi alikuwa na fedha za kiinua mgongo na nia njema. Mama alikuwa na haki kule mlimani. Aliketi, akaanza kuniuliza yeye, na maswali yake yalikuwa makali kuliko ya bodi yoyote: miti gani, nani anachimba mashimo, wanawake wanapata nini, na je, mtawalazimisha watu kuchimba matuta kama wakati wa mkoloni?

Swali la mwisho lina historia yake. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, na mwaka 1955 wakaasi. Lengo la mpango lilikuwa kuzuia mmomonyoko, yaani lile lile tunalolitaka leo. Ulishindwa kwa sababu ulikuwa amri. Mama alisimuliwa na bibi yake. Nilimwambia ukweli: hatuna amri, tuna fedha za kulipia kazi ambayo kijiji chenyewe kimeichagua, na kijiji kisipochagua kitu hatuna tunachofanya.

Jambo la aina hiyo lilishajaribiwa pale pale Uluguru, upande wa Kibungo. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima wa bonde la mto Mfizigo na watumiaji maji wa Dar es Salaam, na waliokubali kununua ni shirika la maji la jiji, wakati huo DAWASCO, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima walilipwa kwa kupanda miti, kutengeneza matuta na kupumzisha mashamba ya kingoni. Ulikuwa mradi wenye muda wake na ulikwisha, lakini uliacha ushahidi: kampuni ya Dar es Salaam inaweza kukubali kwamba ina deni kwa mkulima wa juu.

Kwa majirani zetu Wakenya ushahidi ni mkubwa zaidi. Tangu 1989 wana mashindano ya magari ya porini yanayoitwa Rhino Charge, ambapo kila timu inapaswa kuja na fedha ilizochangisha kwa marafiki, kampuni na ndugu. Kwa fedha hizo na nguvu za serikali, uzio wa umeme wa kilomita 400 ulizungushwa milima ya Aberdare, chanzo kikubwa cha maji ya Nairobi, na ukakamilika 2009. Mtu anaweza kubishana kuhusu uzio. Mimi mwenyewe nina mashaka na kila kinachowatenga watu na msitu wao. Lakini miaka ishirini ya kuchangisha ndani ya nchi, kwa jambo moja, bila kuchoka, ni darasa.

Sisi nasi tuna mbegu zetu. Marehemu Reginald Mengi aliongoza kampeni ya kupanda miti kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akitumia jina lake na fedha zake. Mohammed Dewji alitia sahihi mwaka 2016 ahadi ya kimataifa ya matajiri ya kutoa angalau nusu ya mali yao, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo. Taasisi yake imejikita kwenye elimu, afya na maji, na kutoka kwenye kisima hadi kwenye chanzo cha mto ni hatua moja ya mazungumzo.

Sheria inasaidia kidogo, si sana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa kwenye hesabu ya kodi mchango aliotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo. Kwa muuza nondo wa Tegeta, asilimia 2 haiamui lolote. Ningependa wabunge waiangalie upya. Upande wetu, kanuni za mwaka 2018 zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani, na mikataba yake ifikishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Wenzangu wengine wanalalamika. Mimi kanuni ya kutangaza inanisaidia sebuleni: naweza kumwambia mtu kwamba fedha yake itaonekana na kila mwenye macho, wakiwemo wanakijiji wenyewe.

Kukataa fedha ni sehemu ya kazi ambayo haisimuliwi. Yupo mtu anayetaka kutoa kwa msitu huku viwanja vyake vinakula bonde la mto kule chini. Yupo anayetaka kiongozi fulani awe mgeni rasmi, ili apate njia ya kumfikia. Yupo anayetaka bango lenye jina lake lisimame penye makaburi ya wazee wa kijiji. Unakaa naye, unamweleza kwa adabu, na mara nyingine unaondoka mikono mitupu huku mishahara ya mwezi ikikuwazisha. Hakuna mafunzo ya ofisini yanayoupunguza uzito huo.

Ninachokitamani zaidi ni fedha isiyoisha. Kuna mfano wake nchini: Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, wenye makao Morogoro, ulioandikishwa 2001 na kupewa mtaji wa dola milioni 7 kutoka mfuko wa mazingira wa dunia, GEF, kupitia Benki ya Dunia. Mtaji umewekezwa, kinachotumika ni faida yake. Serikali za nje zikibadilika, mlinzi wa msitu wa Udzungwa bado ana mwajiri. Kila ninapokutana na mwenye uwezo wa kweli namweleza jambo hilo, na kila mara ni gumu. Mtu anapenda kuona mti aliopanda. Kumwomba aweke fedha mahali ambapo hatauona mti, bali faida yake italipa watu asiowajua baada yake, kunahitaji imani ya miaka. Waislamu wamefanya hivyo kwa waqfu karne na karne hapa pwani: nyumba inatolewa, kodi yake inaendesha msikiti na madrasa, nyumba haiuzwi. Siku moja nitampata wa kuweka waqfu kwa ajili ya mto.

Mama wa Mgeta hakutoa siku ile. Alisema atafikiri, na mzee akacheka kwa kuwa alijua maana yake. Baada ya masika alinipigia mwenyewe, akanitajia kiasi, kikubwa kuliko kile nilichokuwa nimejiandaa kuomba, pamoja na masharti mawili. La kwanza, hesabu zisomwe kijijini kila baada ya miezi mitatu, kwa sauti, mbele ya watu, kabla hazijaletwa Dar es Salaam. La pili, fedha ianzie kwenye kitalu cha wanawake, si kwenye ulinzi.

Nilipeleka masharti milimani. Wanawake wa kikundi walikubali la kwanza bila mjadala. La pili walilirekebisha. Walisema kitalu kitasubiri; kwanza wanataka kingo za kijito kimoja kilichokatika zishikwe kwa matete na migomba, maana mvua zikija kabla ya hapo, miche haitakuwa na pa kupandwa. Mama alisikiliza, akauliza ni kijito kipi. Walipomtajia, akasema anakijua, akaomba namba ya simu ya mwenyekiti wao. Siku hizi wanazungumza wenyewe, kwa Kiluguru, mara nyingi bila mimi kuwepo. Wameshapanga kazi ya kingo ianze kabla ya vuli, na wameniagiza niandae risiti na niwatafutie fundi wa kupima mtiririko wa maji, ili mwakani waweze kuionyesha DAWASA tofauti kwa tarakimu.